Mpaka Saa Nane

Wifi yangu Nkwimba kashuka melini na orodha kiganjani,
mwandiko wa mwanawe wa darasa la tano:
kitenge doti mbili, betri za tochi,
uzi wa nyavu, sufuria kubwa,
na chini kabisa, penye mkunjo wa kifundo,
neno moja: jiwe.

"Nionyeshe lile la kwenye kalenda.
Halafu tule, halafu tununue.
Meli inarudi saa nane."

Miaka kumi na tisa nimo mjini humu,
nashona sare za shule uchochoroni Makoroboi,
na jiwe lenyewe hulipita
kama jirani nisiyemdai wala asiyenidai.

Tukasimama ufukweni.
La juu limebebwa, la chini linabeba,
korongo wawili wamenywea mabegani
kama makarani wanaosubiri mshahara wa Machi.
Kijana wa kamera: "Picha, mama, inatoka hapohapo."
Nkwimba kimya.
Nami kifua kikaanza kunijaa
kana kwamba nililipandisha mimi.

"Hili tu?" akasema.
"Kwetu haya tunaanikia udaga."

Kisha akaligeuzia mgongo, akatazama milima,
nyumba zilivyong'ang'ania mawe kama kupe kwenye nundu.
"Wale wa kule juu kabisa,
maji nani anawapandishia?"

Sijui, wifi.
Miaka kumi na tisa, sijui.

Saa tano na nusu, Kirumba, kwa mama Holo.
Sato wake hukaangwa mzima, mkia unavuka sahani.
Nkwimba akajifunika uso kwa khanga:
"Nimekatiza ziwa tangu alfajiri
nije kula samaki?
Samaki ananijua kwa jina!"
Akataka chipsi mayai.
Akamimina tomato mpaka sahani ikaona haya,
akala taratibu, kidole kidogo kimesimama,
macho kwenye televisheni
ambako watu walikuwa wakigombana kwa Kikorea
na kupatana kwa Kiswahili.
Sato nilimla mimi. Na wa kwake pia.

Makoroboi. Jua la utosini.
Muuza vitenge: kumi na nane elfu.
Nkwimba: saba.
Muuzaji akashika kifua.
Nkwimba akashika njia.
Hatua moja, mbili, tatu,
"Mama! Mama wa kisiwani! Rudi tuelewane!"
(Mimi mwenye mji huitwa hatua ya kumi, au siitwi.)

Alipofungua kiganja atazame kinachofuata
jasho lilikuwa limekula betri,
limekula sufuria,
uzi umebaki u.
"U wa nini huu?"
"Ugali," nikasema. Akanipiga na kitenge.

Basi akanunua alichokiona:
kalenda, chini ya turubai, shilingi mia tano,
kwa kuwa ni ya mwaka juzi.
"Tarehe imepita," nikamwambia.
"Picha haichachi," akanijibu.

Mji wa watu: kanisa lenye minara miwili,
michungwa imepangwa barabarani kama askari,
meza nje, vitambaa vyeupe, hakuna nzi.
Chini, kwa herufi ndogo: Hispania.
"Hivi na wao," akauliza, "wanatundika jiwe letu?"

Honi ya kwanza ikatukuta Posta.
Tukakimbia, sufuria hatuna, betri hatuna,
kalenda kichwani imezuia jua.
Alipanda ngazi ikitolewa,
hakuaga, alipunga kile kiganja cheupe.

Jioni nikarudi kwa njia ya ufukweni, taratibu.
Korongo mmoja amekwenda, mmoja bado ana subira.
Binti akanipita na ndoo ya manjano,
akaanza kupanda mlima, nami nikamfuata kwa macho
mpaka shingo ikauma.

Na huko kwenye minara miwili, nasema moyoni,
yuko fundi cherehani wa miaka kumi na tisa,
leo kafikiwa na wifi yake kutoka shamba.
Wamesimama chini ya kanisa.
Wifi ameinua kidevu, ametazama vizuri,
na sasa hivi anafungua mdomo.