Chini ya Bamba

Niliusikia mlio kabla sijaona:
taka-taka-taka, kisha tuk,
kama mtu aliyemeza mfupa.
Nikageuza kitambaa. Huko chini, kiota:
uzi umejiviringa, umejifunga, umejikana,
na sketi ya bluu imeng'atwa pindo.
Ya kumi na tisa. Zimebaki kumi na moja,
na shule za Arua zinafunguliwa Jumatatu.

Nililaumu uzi kwanza, huu wa Ariwara,
uliovuka mpaka bila karatasi wala adabu.
Nikanunua mwingine hapa Oli, wa bei,
ukafanya yaleyale.
Nikalaumu sindano. Niliipitisha ukuchani,
ikakwaruza. Kweli, ncha ilikuwa butu.
Nikaweka mpya. Tuk.
Candiru, anayejifunza kwangu, akasema
labda cherehani imechoka.
Cherehani haichoki, nikamjibu,
huchoka anayeikanyaga.

Na kitambaa sasa hakisogei kabisa.
Sindano inapiga palepale, palepale,
kama mdai mlangoni.
Nikafanya kosa ninalowakataza wengine:
nikakivuta kwa nyuma.
Sindano ikapinda, ikagonga chuma, ikakatika,
kipande kikarukia chai ya Candiru.
Tukakitafuta kwa kijiko, hakuna aliyecheka.

Nikampigia Fundi Edema. Yuko Nebbi.
Atakuja kesho, elfu thelathini, na nisiguse kitu.

Nikagusa.

Bisibisi yangu haina mpini, naifunga kitambaa.
Skrubu ya kwanza ilikubali. Ya pili
niliibembeleza kwa mafuta na matusi.
Bamba likainuka,
na meno ya kusukuma nguo sikuyaona.
Kati ya safu zake vumbi la vitambaa
lilikuwa limeshindiliwa, gumu kama kwato.
Miaka mitatu sijafungua hapa.

Nikalichokonoa kwa pini,
likaanza kutoka kwa matabaka.
Juu bluu, sketi za wiki hii.
Chini yake waridi, gomesi za wasindikizaji wa Ayikoru,
aliyerudi kwao kabla mahari haijaisha kulipwa.
Halafu kijani, mapazia ya zahanati.
Halafu nyeupe, kanzu ya Idi ya Mzee Fadulmula,
aliyoivaa mara moja.
Na chini kabisa, imegandana na mafuta ya zamani,
kaki.
Suruali ya mume wangu, mifuko minne,
mmoja wa siri kwa ndani.
Aliondoka nayo kwenda Juba.
Mwezi mmoja, alisema.

Candiru alikuwa ananitazama. Nikamwambia
alete brashi.

Nikasafisha, nikatia tone moja la mafuta,
tone moja tu, nikarudisha bamba,
nikaanza kutunga uzi.
"Mama," akasema taratibu,
"mbona mguu uko chini?"
Nikasimama na uzi mdomoni.
Ni mimi niliyemfundisha, mwezi wake wa kwanza:
inua mguu kabla ya kutunga,
visahani viachane, uzi uingie katikati,
la sivyo utapita juu juu bila kushikwa
na utalipiza kisasi huko chini.
Siku ngapi nimetunga mguu ukiwa chini
kwa haraka ya hizi sketi?
Sikumuuliza. Naye, Mungu ambariki, hakuhesabu.

Lile vumbi sikulitupa.
Kimto changu cha pini kilikuwa kimesinyaa,
nikakipasua mshono, nikakijaza:
bluu, waridi, kijani, nyeupe.
Kaki niliishika kidogo.
Kisha nayo ikaingia.

Taka-taka-taka-taka.
Kitambaa kinakwenda chenyewe,
mikono inaelekeza tu.

Edema alifika asubuhi na mfuko wake wa vyuma,
akasimama barazani, akasikiliza sketi ya ishirini na sita.
"Nilisema usiguse."
Nikaendelea kukanyaga.
Akavuta kiti, akauliza kama chai ipo.
Ipo, Candiru akamwambia,
lakini chunguza kikombe kabla hujanywa.