Ukope wa Kushoto

Saa mbili asubuhi, Yakutsk bado giza,
baridi hasi arobaini na tano.
Mama kawasimamisha samaki wake sokoni
wima ndani ya ndoo, wakavu kama kuni,
na yeye macho yote mawili yako wazi.

Jioni, jikoni, kando ya bomba la joto,
ukope wa kushoto unaanza kushuka.
Si usingizi. Unashuka tu,
kama mgeni anayeondoka bila kuaga.
Kikombe kimoja anakiona viwili.
"Uchovu," anasema. "Nimeamka saa kumi."
Nami nikaamini,
kwa kuwa ilikuwa rahisi kuamini.

Daktari Kyunney hakubishana naye.
Alijaza barafu ndani ya glavu ya mpira,
akaifunga fundo, akailaza juu ya jicho,
akatazama saa. Dakika mbili.
Alipoiondoa, ukope ulikuwa juu.

"Nimelipa teksi rubeli mia nne," mama akasema,
"nije kuwekewa barafu? Mimi?"

Daktari akachora nyuma ya karatasi ya vipimo.
Neva haigusi msuli. Haigusi hata neva nyingine.
Umeme unakimbia toka ubongoni,
unafika ukingoni, na njia imekwisha.
Hapo pana pengo:
unywele ungepasuliwa mara elfu
na kipande bado kingekwama.
Umeme hauruki. Unapiga hodi kwa ndani,
na vifuko vilivyojipanga ukutani
vinapasukia nje, vinamwaga.
Chembe zinavuka. Ng'ambo vipokezi vinakinga,
vikombe vidogo; vikijaa vya kutosha
msuli unaitika.
Nyuma yake anapita mfagizi, kimeng'enya,
anazoa kila chembe iliyobaki,
maana neno lisilofutwa
huligeuza la pili kuwa kelele.

"Kwako, Mavra Yegorovna,
walinzi wa mwili wamewageukia wenyeji.
Wameziba vikombe.
Neva inasema vilevile kama zamani,
ng'ambo hakuna wa kukinga."

"Na barafu?"

"Barafu inamgandisha mfagizi vidole.
Neno linakaa pengoni kitambo,
linabahatisha kikombe kilicho wazi."

Mama alitazama ule mchoro
mpaka nikadhani hakuelewa.
"Huyo mfagizi namjua," akasema.
"Ikigonga hamsini, hata mimi
siwezi kuhesabu chenji."

Siku hizi anameza kidonge kabla ya mapambazuko
kwa chai iliyopoa, tone kwa tone,
kwa kuwa koo nalo limeanza.
Namwita kutoka mlangoni.
Hageuki.
Samaki wako kwenye gunia, teksi inanguruma nje,
glavu zake nimezishika mkononi.
Namwita tena.
Ukope unapanda, nusu, unasita.

"Nimesikia," anasema.
"Subiri livuke."