Utenzi wa Vifaru Viwili

Karatasi ziko ndani,
nilizipika kwa tani
huko Kemi kiwandani
hata lango kufungika.

Naitwa Tauno, fundi
wa nyaya, siyo wa gundi;
majira haya siundi
ila vitu vya kucheka.

Saa nane jua chini,
theluji i dirishani,
kahawa iko jikoni
na lehemu inawaka.

Kifaru nilichopewa
siku yangu kuzaliwa
sandukuni kimekawa
nusu karne na miaka.

Kilitoka Ujapani,
chatoshea kiganjani,
mota moja i tumboni
na swichi iliyochoka.

Kilijua neno moja:
mbele! Hakina kungoja;
meza ikisha, kioja:
sakafuni chaanguka.

Mama alikiokota,
akakifuta mafuta,
"Ndivyo waendavyo vita,"
akasema, akatoka.

Olavi, jirani yangu,
kukiona hiki changu,
akasaka ulimwengu,
mnadani kikatoka.

Tukasema: tuvifunze
kurudi, tuvigeuze,
rimoti iviongoze
pasi waya kuvishika.

Mota moja haifai:
mbili, au hakitii;
nyororo haitembei
mwenzake ikizunguka,

hapo ndipo kigeuke.
Nilichonga, nisicheke,
tumbo lote litoboke
kwa sindano ya kuwaka.

Olavi yeye hapimi,
kisu chake hakisomi,
gundi hata kwa ulimi,
mzinga ukapinduka.

Kipokezi nilitoa
kwa ndege ya kuchezea
ya Aino, ilokwaa
mtini ikavunjika.

Betri, ukubwa wa njugu,
nilimuibia ndugu;
nyaya zikawa magugu,
vidole vikakwazika.

Miwani mbili usoni,
skrubu ndogo mdomoni,
moja ikazama chini
ya zulia. Nikasaka

kwa sumaku, kwa magoti,
nikapata senti, njiti,
kifungo cha langu koti,
na skrubu ikatoweka.

Risasi niliyotia
ni ya nyaya kushikia:
tone moja, likalia,
moshi mwembamba kufuka.

Jioni, toka sauna,
Olavi tukakutana;
vifaru vikaonana
kitambaani kwa shaka.

Rimoti na kipokezi
huozwa kama wapenzi:
bonyeza hiki, na hizi
taa ndogo zitawaka.

Tulibonyeza pamoja,
wazee, bila kungoja;
ndoa mbili, saa moja,
mchungaji ni Haraka.

Nikasukuma kijiti:
changu kimya kama kiti;
chake, kwa yangu rimoti,
kwa mbio kikachomoka.

"Acha!" Olavi kalia,
yake akaivutia:
changu kikarudi njia,
kahawani kujizika.

Majemadari wawili,
jeshi si letu kwa kweli:
nikisema "Piga mbali!"
ni kwangu panapowaka.

Chake kifike pembeni,
wa kukiokoa nani?
Mimi, wa ng'ambo mezani,
ndimi breki niloshika.

Naye changu akilinda,
jasho usoni latanda,
kijiko akikipanda,
sukari akizunguka.

Ni dakika kutalaki.
Akasema, "Mi sitaki.
Ndoa hii ina haki.
Iache tu, imeshika."

Kila mtu na cha kwake
akarudi nyumba yake;
usiku na ndoto zake,
taa zote kuzimika.

Saa tisa, giza nene,
rafuni pale, uone,
kifaru, hatua nne,
chenyewe kikaamka.

Nyuma, mbele, kisha tuli.
Olavi bado halali,
na mto ule wa pili
ni baridi tangu mwaka.

Nami gizani naketi,
naipapasa rimoti,
nagusa kile kijiti:
kwake chake chaitika.