Shilingi Thelathini za Moshi

Bwana wa gari jeupe alishusha kioo nusu,
ubaridi wa ndani ukanigusa shavu na kupita
kama jirani asiyesalimia.
"Jaza."
Nikajaza. Namba zikakimbizana kwenye pampu,
risiti ikatoa ulimi wake mrefu,
naye akausoma mpaka chini, penye mstari mpya:
tozo ya hewa ukaa, shilingi thelathini kila lita.
"Sasa mnatutoza hata pumzi?"

Mimi, Chausiku binti Shomvi, mvaa fulana ya kampuni,
nikawa waziri kwa dakika mbili.
Si pumzi, baba, ni moshi.
Pumzi yako bado ya bure.
Yangu ndiyo nailipia hapa Tazara tangu saa kumi na mbili.

Hilo la mwisho nililimeza. Kazi ni kazi.

Akaja Mkude wa bodaboda, lita moja,
noti imekunjwa mara nne.
Hakuuliza. Aliitazama risiti
kama aliyeona jina lake kwenye orodha ya wadaiwa.
Thelathini yake ina uzito kuliko elfu mbili na ushei za yule bwana,
na hakuna mizani ya serikali inayopima hivyo.
Nilitaka kumwambia kitu. Foleni ilikuwa ndefu.

Akaja kinyozi na dumu la jenereta.
Akaja mama wa mchele, Fuso mbili, matusi matatu.
Kutwa nachuma thelathini kwenye nyuso zilizokunjamana.
Haba na haba, walisema, hujaza kibaba;
hawakusema kibaba kikijaa kinapelekwa wapi,
na sisi vibaba vyenye tundu tumevizoea.

Ila Machi, mvua ikipiga, basi la kwanza likafika Chanika.
Nilisimama kwenye tope, viatu mkononi.
Saa kumi na nusu alfajiri likatokea,
tupu, taa zote zinawaka,
bila moshi, bila honi,
kimya kama mtu aliyekuja kulipa deni.
Ubavuni, kwa herufi ndogo:
limenunuliwa kwa tozo ya hewa ukaa.
Nikasoma mara mbili.
Nikajiuliza siti yangu ni lita ngapi, na za nani.
Labda bomba hili nililoshika ni la Mkude.
Labda dirisha ni la bwana wa gari jeupe,
nalo linafunguka lote.

Zamani nilitoka nyumbani saa tisa usiku.
Saa moja na nusu nimerudishiwa:
kuna siku nailala,
kuna siku namsukia Sikujua nywele, yeye bado anaota.

Halafu kuna hesabu inayonijia bila kalamu.
Yule bwana akipanda basi, tozo atalipa nani?
Mkude akipata pikipiki ya umeme, pampu yangu ikakauka,
basi litakula nini? Na mimi?
Nilimuuliza msimamizi. Akacheka:
"Wewe jaza mafuta, Chausiku."

Jioni narudi, mikono inanuka petroli,
sabuni imeshanyoosha mikono.
Dada wa siti ya pembeni akakunja pua, akafungua dirisha.
Sikumlaumu.
Ningemwambia harufu hii ndiyo iliyonunua kiti alichokalia,
lakini hatujafika hata Pugu
alikuwa amelala, mdomo wazi,
kichwa begani kwangu.