Jumatatu na Alhamisi

Nimetia viraka miaka kumi na tisa
Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani:
magoti ya kaptura za shule, makwapa ya kanzu.
Sikuwahi kupimwa mimi.

Hadi Bombo waliponifungua,
wakatoa uvimbe, wakatoa na ulipokaa,
mfuko pamoja na ovari zote mbili.
Nilikuwa na miaka thelathini na tisa.

Wiki ya tatu moto ukanijia.
Si joto la Tanga; hilo nalijua, linatoka nje, lina kivuli chake.
Hili lilianzia kifuani, likanipanda shingoni,
likaniacha nimelowa katikati ya pindo la mteja.
Usiku godoro bwawa.
Nikasahau rangi ya uzi niliouagiza mwenyewe.
Nikamlilia Zamoyoni kwa kuvunja kikombe
kisichokuwa changu wala chake.

Watu hawakosi la kusema.
Ni jicho. Ni mtu. Ni utu uzima, umewahi tu.
Wifi akaniletea kombe, nikalinywa.
Halikunidhuru. Moto nao haukuzimika.

Daktari Semkiwa aliisoma karatasi ya damu
kama mimi ninavyosoma vipimo: kifua, kiuno, urefu,
kisha akaguna.
"Estrojeni imeshuka sana, mama."
Akazitaja njia tatu: vidonge, jeli, kiraka.
Akauliza habari za ukoo.
Nikamwambia mama yangu alivimba mguu mmoja,
damu ikaganda, hakumaliza mwezi.
Kidonge akakisogeza pembeni kwa ncha ya kalamu.
"Hiki kinapitia ini. Kile kinapitia ngozi."
Jeli niliikataa mwenyewe:
kitindamimba wangu bado ananilalia mkononi,
na mikono hii kutwa imo katika nguo za watu.
Kikabaki kiraka.
Nikacheka. Hakujua ninachekea nini.

Hapa mjini hakipatikani kila siku.
Kinakuja na basi la Dar, kifurushi kwa kondakta,
vipande vinane, mwezi mmoja,
bei ya magauni matatu na bitana yake.
Nikautazama mkasi.
Nikikata kati, si vitafika miezi miwili?
Bahati nilipiga simu kwanza. Mfamasia akasema,
"Hicho ulicho nacho usikikate."
Tangu nijue kushona,
ndiyo mara ya kwanza kuambiwa hivyo nikatii.

Basi nimejifunza.
Ngozi kavu, kabla ya mafuta ya nazi, si baada.
Chini ya kitovu au juu ya tako, si karibu na titi.
Leo kushoto, Alhamisi kulia.
Nakigandamiza kwa kiganja, nahesabu kumi bila pupa.
Januari jasho linakikunja pembe
kama kola ya shati la mtumba; nakigandamiza tena.
Cha zamani nakikunja gundi kwa gundi,
nakitupa mbali na mtoto na paka.

Mama mkwe ameziona siku zangu,
jinsi ninavyojifungia chumbani baada ya kuoga.
"Umeshika funga ya sunna, mwanangu?"
"Nimeshika, mama."
Kweli kuna kitu nimeshika.

Usiku mmoja mkono wa Mwinyikai ukakikuta gizani.
"Nini hiki?"
"Kiraka."
"Kwani umechanika?"
Nikanyamaza. Feni ikazunguka mara nyingi.
"Nimechanika," nikasema.
Hakuuondoa mkono.

Moto bado unakuja, sikudanganyi,
lakini siku hizi unakuja kama mteja asiye na hela:
unachungulia mlangoni, unashika kitambaa, unaondoka.
Uzi nauita kwa rangi yake.

Leo Jumatatu nimebandua cha Alhamisi.
Kimeacha mraba wa gundi kwenye ngozi,
na gundi imenasa unyuzi mmoja wa bluu,
wa sare ya mtoto wa jirani.
Nimeusugua kwa mafuta. Haukutoka.
Nikauacha hapo,
nikaenda upande wa pili.