Ukurasa wa Pili

Duka la Bausi, Mwembe Tayari, lina kompyuta mbili na feni moja,
na feni yenyewe humgeukia mwenye duka.
Nimekaa kwenye stuli, vyeti mapajani,
na picha ndogo ambayo sikutabasamu.
Namsomea, apiga chapa.

Jina: Mbodze Kalume Charo.
Kazi: karani wa mizani, ghala la chai, Shimanzi, miaka sita.
Sababu ya kuondoka —
hapo nikavuta pumzi.

Andika, nikamwambia,
kwamba mifuko arubaini ilipotea usiku wa Ijumaa,
kwamba saini ilikuwa yangu na mkono haukuwa wangu,
kwamba Nzaro, niliyemgawia chapati,
niliyemfundisha kusoma mizani,
aliinamisha kichwa meneja alipouliza,
na kimya chake ndicho kilichonifukuza.
Andika tarehe. Andika saa.
Andika na mvua ilikuwa yanyesha.

Bausi akaandika. Kisha akajikuna sikio kwa kalamu:
"Dada, huyu Nzaro amekuingiza ukurasa wa pili.
Ukurasa shilingi ishirini. Nakala kumi, mia mbili.
Utamlipia?"

Hakuwa na fumbo. Alikuwa mfanyabiashara.
Lakini swali lilinichoma kama mwiba wa tasi.

Kwani nimemlipia mara ngapi?
Nilimlipia Changamwe, waliponiuliza najua nini
nikawaambia nilifanywa nini.
Nilimlipia Kizingo, mbele ya mama wa miwani ya mnyororo
aliyelifunga faili langu polepole,
kama afungaye mlango wa chumba cha mgonjwa.
Mama yangu alisema siku moja, akipepeta mchele:
"Kinyongo ni mgeni asiyeleta hata sukari."
Nikamnunia wiki nzima.

Mimi, karani wa mizani,
niliyeujua kwa jicho mfuko uliopungua nusu kilo,
mzigo huu sikuwahi kuuweka kwenye sahani ya chuma
nikaona sindano itakwenda wapi.

"Futa."
"Nifute mpaka wapi?"
"Mpaka Nzaro. Naye pia."

Kitufe kile hufuta herufi moja moja.
Ikaondoka mvua, ikaondoka saa,
kimya kikaondoka, chapati zikaondoka.
Ikabaki N peke yake,
kistari kikiipepesea kama jicho.
Kisha nayo.

Nisikize vizuri: sikumwona mwema.
Nikimkuta Kongowea sijui kama nitamsalimu,
pengine nitatazama nyanya.
Nimesamehe kama mtu atuavyo ndoo:
si kwamba amefika,
vidole vimekufa ganzi.

"Sasa hapa tuweke nini?"
Feni ikageuka, ikarudi kwake.
Weka kwamba nasoma mizani za aina tatu.
Weka kwamba madereva wa Malaba hunijia na matusi
na huondoka wakicheka.
Weka kwamba hesabu ya shehena naifanya kichwani,
na sijawahi kuchelewa, hata Kilindini ilipofurika.
Bausi akaguna: "Mbona haya hukuyasema mapema?"
Palikuwa hapana nafasi, Bausi.

Jumatano, ghorofa ya tatu, barabara ya Moi.
Shati la mtumba nimelipiga pasi mara mbili,
kola imesimama kuliko mimi.
Swali likaja, kama lijavyo:
"Na Shimanzi, uliondoka kwa nini?"
Navijua vidole vyangu. Vilianza kukunjana.
Nikavikunjua juu ya meza, vyote kumi.
"Palitokea upotevu, nikawajibishwa. Sikuiba.
Tangu siku hiyo sitii saini nisichokisoma,
wala simwachii mtu kalamu yangu."
Akaandika kitu.
Sikunyoosha shingo nisome.

Simu bado haijalia.
Lakini nilishuka ngazi zile na mia mbili zangu mkononi,
nikanunua viazi karai vya hamsini,
nikala nimesimama, kwenye jua, kola yangu na yote,
machozi yakinitoka
ya pilipili tu.