Hezi Hamsini

Tsitsino amepanda ngazi ghorofa tano za Sololaki,
hakuwa na sarafu ya lifti.
Utepe ameuvika soksi ya sufu.
Theluji mabegani, chai hataki.
"Ni baba na ami zangu wawili,
jikoni kwetu Ozurgeti, mwaka themanini na saba.
Itoe kelele. Nataka isikike siku ya arobaini."

Nautia utepe mashineni.
Kabla ya sauti ya mtu yeyote, friji:
mmmm ya chuma, nzito, isiyovuta pumzi,
imeketi kwenye hezi hamsini kama mwenye nyumba,
na watoto wake, mia, mia na hamsini,
wamejipanga nyuma yake.
Halafu kikohozi.
Halafu wanaume watatu wanauinua wimbo
kama watu wanaohamisha kabati.

Wanafunzi wangu hudhani kusawazisha ni kulima:
kisiki ng'oa, kichuguu piga, shamba liwe meza.
Wimbo uliosawazika kabisa ni uji wa mgonjwa.
Hapa tunapunguza hiki ili kile kipate pa kukaa,
na anayepandisha kila kitu
hajapandisha kitu.

Mia mbili na hamsini: tope. Natoa desibeli mbili,
meza ya jikoni inasogea kutoka vifuani mwao.
Elfu moja na mia tano: ami mdogo anaimbia puani.
Pua yake ndiyo wimbo. Siigusi.
Kisha nachonga mashimo membamba kama sindano,
hamsini, mia, mia na hamsini,
na friji inakufa.

Kimya kizuri. Kimya cha hospitali.
Na Jumberi, baba yake, ameondoka nayo.
Maneno yapo, midomo ipo,
ila kile kifua alichowatandikia wenzake
wasimamie juu yake, hakipo.
Napima: noti yake ya chini kabisa
ilikuwa hapo hapo kwenye mia,
bega kwa bega na mtoto wa kwanza wa friji.

"Umetoa nini?"
"Friji."
Anaikunja soksi, anaikunjua.
"Mama alikuwa akiipiga teke.
Ikinyamaza, baba alikuwa hawezi kuanza."

Nayafukia mashimo, si yote, nusu kina,
mpaka ile mmmm irudi na kusimama mlangoni
bila kuingia.

Sasa huku juu.
Nina miaka sitini na minne,
na kuanzia kilohezi kumi mimi ni ukuta.
Sikio la kufa halisikii dawa;
langu halisikii hata funguo zangu zikianguka.
Miaka sita nimewaficha wateja,
nikisoma kwenye kioo yale nisiyoyasikia
na kutikisa kichwa kama fundi.
Leo nimechoka.
"Kaa hapa, katikati ya spika.
Mimi nazungusha, wewe sema inapochoma."

"Bado."
Nazungusha.
"Bado."
Ami mkubwa anapaa na ile sauti yake ya jogoo,
inavunjika, inajiunga, inavunjika tena,
mimi nimebaki na kivuli chake tu.
"Hapo! Hapo inachoma."
Kidole kiko tayari kupunguza.
"Usiitoe," asema.
"Ndivyo ilivyokuwa ikituchoma."

Juu ya boksi naandika tarehe, kasi ya utepe,
sauti tatu.
Tsitsino anachukua kalamu yangu,
anakata tatu, anaandika nne.

Nampa sarafu ya lifti.
Inamshusha, ikivuma.
Nasimama mlangoni, hakuna mwanafunzi karibu,
najaribu kuanzia hapo.